Jina Ambalo Sijawahi Kukuita

Mwanangu,

Barua za wenzetu huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Yangu siwezi kuianza hivyo kwa sababu bado hujafika mbali. Uko kwa kinyozi. Umetoka hapa jua likiwa juu ya bati la jirani, ukasema, "Mayu, ngoja nikanyoe, siwezi kufika Mwanza na kichwa kama kichaka," nami nikakujibu haya nenda, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Tangu ulipovuka uzio wa minyaa sijameza mate vizuri. Hiyo ndiyo hali yangu. Yako utanieleza ukirudi.

Nakuandikia nikiwa jikoni, kwenye kigoda kile cha mguu mbovu. Baba yako yuko nje anatengeneza nira ambayo haijavunjika. Mara kwa mara anaita, "Amerudi?" Namwambia bado. Anagonga nyundo kidogo, anaita tena. Nimeishi na mwanaume huyu miaka mingi, sijawahi kumsikia akiuliza kitu kimoja mara nyingi hivi.

Wewe unajua, na mimi najua, kilichopo mlango wa pili kutoka kwa kinyozi. Yule mama anauza moshi, na Nkololo nzima mpaka watoto wanajua moshi ni gongo. Mjomba wako Shija alipiga simu asubuhi akasema, "Dada, mnyoeni hapo hapo nyumbani, msimwachie atoke." Nikamwambia Shija, huyu ni mtu mzima, siyo kondoo. Lakini uliponipa mgongo nilitafuta kanga, nikajifunga, nikakufuata mpaka kwenye minyaa. Pale nikasimama. Nikakumbuka walichosema wale wa nyumba ya kuacha pombe ya Mwanza: aje kwa hiari yake, na aje akiwa hajanywa. Akionja, anarudi hospitali kuanza upya na kitanda anapewa mwingine, maana wanaosubiri ni wengi. Nikajisemea, kama siwezi kumwachia aende kwa kinyozi, kesho namwachiaje aende Mwanza? Nikarudi. Kukaa tu bila kazi siwezi, unanijua, ndiyo nikachukua kalamu.

Simu yako itabaki getini kwao, lakini barua wanaruhusu. Hii nitaichomeka kwenye mfuko wa michembe, vile viazi vyako vikavu, kwa sababu huo utaufungua kabla ya kitu kingine chochote. Mambo ya shuka, mswaki na kuwaamkia wakubwa sitaandika. Mjomba wako atapandia basi pale Nyashimo, na kuanzia hapo mpaka Mwanza atakuimbia hayo yote bila kuombwa. Mimi nina la kwangu. Nataka nikuambie kuhusu jina lako.

Watu wote wanakuita kwa jina lako: walimu wako, wenzako, wale wa chama cha pamba, hata yule mama wa moshi. Mimi niliyekuzaa nakuita Guku, yaani babu. Ulipokuwa mdogo ulidhani ni utani. Siyo utani, ni adabu, na adabu hiyo imetuponza.

Unajua mimi siyo wa hapa. Nimetoka Kalemela, ziwani, kwa watu wanaokula samaki na kusema wanachofikiri. Nilipoolewa na baba yako nilikuta nyumba ya ng'ombe na heshima. Bibi yako alinikalisha chini akaniambia: mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe wake. Halitamki mbele yake, halitamki nyuma yake, na akifa ndiyo kabisa. Na jina lenyewe, kwa bahati yangu, limetokana na neno la Kisukuma la mvua. Basi tangu nimeolewa sijaisema mvua kwa Kisukuma. Wenzangu shambani wakilia kwamba mbegu zinaungua, mimi naomba kwa Kiswahili. Shangazi yako Limi alikuwa akinicheka, anasema, "Wifi anamwomba Mungu kwa lugha ya serikali."

Mzee akafariki. Ukazaliwa wewe, na ukalia. Ulilia usiku na mchana, titi unalisukuma, mpaka wazee wakasema mtoto anadai jina. Wakakuzunguka, wakataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Unalia tu. Shangazi Limi akataja la baba yake. Ukanyamaza. Mimi kama mama nadhani ulikuwa umechoka. Lakini ulinyamaza, na mle ndani watu walitoa machozi, na baba yako akakupokea kwa mikono miwili, akakuamkia. Mtoto hata kitovu hakijadondoka, anaamkiwa na baba yake mzazi.

Tangu hapo hukuwa mtoto, ulikuwa mzee anayevaa nepi. Tulikupenda sana. Pombe ya mtama ikipikwa baada ya mavuno, wazee wanakaa, kata inazunguka, na lazima mmoja aseme, "Guku hajaonja." Unaletwa. Unapewa kidogo kwenye mdomo wa kata. Unakunja uso, unapiga chafya, watu wanavunjika mbavu: "Ndiye yeye, mzee alikuwa hivi hivi." Kila mavuno hicho kidogo kinaongezeka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nilicheka pamoja nao. Nilicheka kwa dhati, mwanangu, nilifurahi kwamba mtoto wangu anapendwa.

Huko watakuuliza ulianza lini. Najua utasema ulianza ulipokuwa karani wa mizani, na wenzako, baada ya kazi. Waambie na haya ya kata. Sikuandikii ili upate wa kumlaumu. Mtu mwenye ndevu akimlaumu mama yake hapewi hata chai. Nakuandikia kwa sababu ni kweli, na wewe ulikuwa mdogo mno kuikumbuka.

Kazi yako ya mizani niliipenda kuliko ulivyojua. Unakumbuka siku nimeleta pamba, foleni mpaka barabarani, ukaninyanyua ukaniweka kwenye mzani mbele ya watu? Nikapiga kelele nishushe wewe mtoto, na wewe unasoma mshale, unawatangazia wakulima: "Hii ni pamba safi, siyo fifi." Nilikuchapa kwa kitenge. Nikarudi nyumbani natabasamu njia nzima kama mwendawazimu. Huyo ndiye mtu ninayemtaka arudi, yule mwenye mdomo kama wangu.

Ulipoanza kurudi nyumbani unaongea na minyaa, nilimwambia baba yako amkemee mwanawe. Akaniangalia kama nimemtukana. "Nani anamkemea baba yake?" Nikasema basi mchape hata fimbo moja. Akatoka, akaenda kwa ng'ombe. Na mimi je, mtu wa Kalemela, mwenye maneno yangu? Nilikufungulia mlango, nikakuvua viatu, nikasema, "Pole Guku, lala Guku." Asubuhi uji wa moto. Wale wa chama wakipiga simu kuuliza karani yuko wapi na wakulima wamepanga mstari juani, nasema ana malaria. Ukaumwa malaria msimu mzima. Mwenyekiti siku moja akanisogelea akasema taratibu, "Mayu, malaria ya kijana wako inanuka tangu barabarani." Nilimnunia. Kanisani nilihama benchi nisikae karibu naye. Mtu amesema kweli kwa upole, nikamsusia salamu, na wewe uliyekuwa unanuka nikakuongezea sukari kwenye uji.

Hilo la malaria linaniuma. Nilidhani nakuficha wewe, kumbe najificha mimi. Sikutaka kuitwa mama wa mlevi.

Basi kazi ikaisha, na Shangazi Limi akaja na jibu. Alikuwa amekwenda kwa mganga huko alikokwenda, akarudi anasema siyo mtoto anayekunywa, ni mzee. Masamva, mizimu ya nyumba hii, wana kiu. Mzee hajapikiwa tangu amezikwa, ndiyo anakunywa kwa mdomo wa mwenye jina lake. Apikiwe yake, ashibe, mtoto ataachwa. Usimcheke shangazi yako, na usimchukie. Alikupenda tangu siku ile uliponyamaza kwa jina alilolitaja yeye. Na lile jibu mimi nililipenda, kwa sababu halikuwa na kosa la mtu yeyote aliye hai. Jumapili nilikuwa kanisani naimba, Jumatatu nikaloweka mtama. Nikapika mwenyewe, na unajua mimi nikipika kitu, napika.

Wazee wakamwaga kidogo kwenye kile kibanda cha tambiko cha Guku marehemu nyuma ya zizi. Halafu wakatazamana, maana chungu kilikuwa bado kimejaa, na mzee atakunywa kwa mdomo gani kama siyo wako? Siku zile ulikuwa umeanza kujizuia mwenyewe, kimyakimya, unapunguza, na mimi nilikuwa nimeona. Uliniangalia. Nilikuona unaniangalia. Nikapiga magoti nikakupa kile chungu kwa mikono miwili, kama mkwe anavyompa mkwe.

Ulipotea. Tulikupata Lamadi, umelala nyuma ya mabanda ya dagaa, shati huna.

Mimi nikiogopa huwa nakosea kwa upande wa pili. Tulipokurudisha nikasema sasa basi, nikakufungia kwenye ghala la pamba, ufunguo nikauvaa shingoni. Nikasema atakaa humo mpaka pombe imtoke. Mikono ikaanza kutetemeka, ukawa unafukuza wadudu ukutani ambao mimi siwaoni, halafu tukasikia kishindo. Ulikuwa chini umekakamaa, povu mdomoni. Shangazi akasema masamva wamekasirika. Baba yako akainama. Alikubeba mgongoni, na urefu wako wote huo, miguu yako inaburuta vumbi, mpaka barabarani, tukapata gari la mtu wa dengu likatufikisha hospitali ya Bariadi.

Yule daktari ni binti mdogo kuliko wewe. Nilimweleza yote mpaka ghala, nikasubiri anitukane. Akasema, "Mama, mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla bila dawa, mtu anaweza kufa. Safari nyingine usimfungie, mlete. Huu ni ugonjwa. Una dawa za kuanzia, na una mahali pa kuendelea." Nilikaa chini pale pale sakafuni. Miaka yote nilikuwa nimetafuta mwenye kosa, na hakuna aliyekuwa ameniambia nina mgonjwa.

Halafu akauliza, "Baba wa mgonjwa yupo?" Baba yako alikuwa kwenye benchi, kofia mkononi. Nilijua atakachosema, maana miaka yote akiulizwa husema huyu ni baba yangu, na watu hucheka. Akasimama. Akasema, "Baba yangu alishakufa. Huyu ni mwanangu." Daktari aliandika tu, hakujua amesikia nini. Mimi nilijua, nikashika ukuta. Wewe ulikuwa umelala na dripu, hukusikia, ndiyo maana nakuandikia. Nataka ujue kwamba alilisema, na alilisema mbele ya watu.

Mahali penyewe hatukupapata kwa siku moja. Daktari alitupa namba ya ile nyumba ya Mwanza, soba mnaita nyie vijana, lakini tulikuwa tumesikia kwamba kuna nyumba nyingine huko duniani watu wanafungwa minyororo na kuchapwa, wanaambiwa ndiyo matibabu. Mimi na ghala langu nilikuwa nimeshashiba kufuli. Nikamtuma mjomba wako akapaone kwanza. Alishinda pale, akala chakula chao, akaongea na vijana bila msimamizi kuwepo, akamuuliza muuguzi maswali mpaka wakadhani ni mkaguzi. Jioni akanipigia: "Dada, mlango hauna kufuli. Wanaokaa wanakaa kwa kutaka." Nikamwambia waambie tunakuja.

Wakataka kuongea na mzazi. Sauti ya dada mmoja ikaniuliza, "Jina la mgonjwa?" Nikasema, "Guku." Akasema, "Hilo ndilo jina lake?" Nikasema, "Ni babu." Akasema, "Sawa mama, hata wazee tunapokea. Babu ana umri gani?" Nikasema siyo babu, ni mwanangu. Akauliza upya, polepole, kama anaongea na mtu aliyelewa, "Mama, mwanao anaitwa nani?" Nimekuzaa, nimekunyonyesha, na nilisimama pale mdomo wazi, jina halitoki. Nikampa baba yako simu alitaje yeye. Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukashika mbavu, na mimi nikacheka, ilikuwa muda mrefu hatujacheka. Lakini baadaye, nikiwa napepeta choroko, kuna kitu cha zamani kilinijia nikashusha ungo.

Hiki sijamwambia mtu, hata baba yako.

Nilikuwa bibi harusi bado, mzee yu hai. Alikuwa mlevi, usidanganywe na sifa za msibani. Alikuwa mtu mwema na alikuwa mlevi. Asubuhi moja watu wameshakwenda shamba, akaja akasimama mbali kama adabu inavyotaka, akaweka kibuyu chake chini, akasema akiangalia pembeni: "Mayu, kifiche hiki. Leo hata nikiomba usinipe." Nilikificha kwenye pipa la mtama. Mchana akarudi. Hakutukana, hakufoka. Aliomba tu, "Mayu, kile kibuyu." Nani alikuwa amenifundisha kumkatalia baba mkwe? Nikakifuata, nikapiga magoti, nikampa. Akakishika kwa muda bila kunywa. Akasema, "Nilijua utanipa." Akaondoka nacho.

Miaka yote hiyo nilidhani ananisifu, kwamba mimi ni mkwe mwenye utii. Mpaka juzi kwenye choroko ndiyo nikasikia vizuri alichosema. Mzee yule hakuwa anatafuta pombe, mwanangu, pombe alikuwa nayo. Alikuwa anatafuta mtu wa kumnyima. Akanichagua mimi kwa sababu nimetoka ziwani na nina mdomo, nami nikamwangusha. Halafu wewe ukaniangalia juu ya kile chungu, na macho yale yale, nikakuangusha na wewe.

Niliacha kuandika hapo kwa sababu mbwa alibweka. Sasa taa imewashwa, naendelea. Kilichotokea unakijua, ulikuwepo, lakini nataka ukisome kwa upande wangu.

Uliingia umenyolewa, masikio yote nje, kama siku niliyokupeleka darasa la kwanza. Baba yako akashusha nyundo. Nilikutazama macho, nikatazama unavyokanyaga, halafu nikasogea kukunusa. Nisamehe, ni mazoea. Nikanusa spiriti, nikarudi nyuma. Ukasema, "Ni ya kinyozi, Mayu. Nusa kisogoni." Nikanusa kisogoni, kweli, ilikuwa ya kinyozi.

Kisha ukaingiza mkono mfukoni ukatoa chupa ndogo ya maji, imejaa, na wote watatu tulijua siyo maji. Ukasema, "Nimenunua. Miguu ilijipeleka. Nimezunguka nayo uwanja wote wa mnada, sijafungua." Ukanipa. Ukasema, "Ifiche, Mayu. Hata nikiomba usinipe."

Hakuna aliyekuwa amekuambia habari ya kibuyu. Walioijua ni mimi na marehemu. Shangazi yako akisikia atasema ni mzee amesema kwa mdomo wako, na mimi sitabishana naye, mambo hayo siyajui. Ninachojua ni kwamba niliona nimepewa siku ile tena.

Sikuificha. Nilikwenda nayo chooni nikaimwaga yote. Chooni kabisa, siyo kule nyuma ya zizi, nisije nikaambiwa nimemkaribisha mzee tena. Nikarudi kusonga ugali.

Na ukaja. Ulisimama mlangoni mwa jikoni, mikono umeibana kwapani, jasho kwenye kichwa kipya. Hukufoka. Ukasema kwa adabu, "Mayu, ile chupa. Kidogo tu nipate usingizi. Kesho naanza."

Jibu jepesi nilikuwa nalo, kwamba imemwagika. Ungeguna, ungeondoka, na mimi ningekuwa sijakukatalia, ningekuwa nimejificha tena kama kwenye malaria. Nikaweka mwiko chini. Magoti yangu, nakuambia ukweli, yalitaka kukunjika yenyewe, yamezoea. Nikayakaza. Nikasema:

"Mabula, hapana."

Uligeuka nyuma kuangalia ni nani mwingine ameingia. Nje nyundo ilinyamaza. Ukasema, "Umeniitaje?" Nikasema, "Nimekuita Mabula. Na nimesema hapana. Njoo ukae, ule, halafu unywe dawa yako." Nilidhani utanisukuma. Ulikaa. Ulitetemeka sana, nikakaa karibu yako bega kwa bega. Ukala tonge, ukala la pili, ukasema dagaa nimewatia chumvi nyingi. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosolewa.

Sasa umelala, nakusikia unavyokoroma, na hilo pia ni la mzee lakini halina madhara.

Mabula, naliandika tena nilizoee. Naogopa kidogo, kalamu inateleza. Huko uendako usiende na Guku. Mwache hapa, nitabaki naye mimi. Kesho nikitoka kukusindikiza nitakwenda kwenye kibanda chake na kata ya maji matupu, nimwombe radhi kwa kile kibuyu. Wewe nenda kama mwanangu tu. Mtoto anaweza kukatazwa, anaweza kukosea, anaweza kulia, na hakuna anayempigia magoti.

Na ikitokea ukaanguka, maana daktari alituambia watu huanguka na hurudi, usinitafutie malaria. Nipigie useme, Mayu nimekunywa. Nitakasirika, nitasema maneno mengi, nina akiba ya miaka yote niliyokuita Guku. Nikimaliza kusema nitapanda basi nije.

Nyumbani tumeshakubaliana, mavuno haya pombe haitapikwa hapa. Shangazi Limi amenuna, lakini ndiye aliyekuletea yule kuku mliyemla juzi, kwa hiyo usimnunie na wewe. Msimu wa pamba ukifika uwe umerudi. Mzani wa chama kama wamekataa kukurudishia, sawa, utanipima hapa kwa macho, uniambie kama bado ni safi au nimeshakuwa fifi. Na mwaka huu wenzangu wakilia ukame shambani, mimi nitaiomba mvua kwa Kisukuma, kwa sauti, wanaotaka kushangaa washangae.

Mkifika Mwanza watanipigia kuthibitisha. Yule dada akiuliza jina la mgonjwa, baba yako asiiguse simu. Nitalitaja mimi.

Mama yako,
yule wa Kalemela.